Kodi ya jengo inakatwa kila mwezi, mtaro haujazibuliwa tangu mwaka juzi. Tumechoka!

Wakuu, salaam kwenu. Uzi huu nauandika nikiwa na hasira na sina haja ya kuificha. Nakaa kando ya bonde la Msimbazi, hapa hapa Dar es Salaam, tangu 1983. Nimeoa hapa, wanangu wanne wamezaliwa hapa, na wazee wa mtaa walionipokea nimewazika karibu wote. Asije mtu akaniambia nikaulize wenyeji. Mwenyeji ni mimi.

Jana jioni nimenunua umeme wa elfu kumi. Anayenunua LUKU kila siku anajua kwamba elfu kumi ni uniti 28 hivi. Nimepata 23 na pointi. Ujumbe umeeleza vizuri kabisa, 1,500 ni kodi ya jengo. Sasa mtu asikimbilie kusema mzee hataki kulipa kodi. Nimelipa kodi ya maendeleo, ile ya kichwa, mpaka ilipofutwa 2003, na stakabadhi zake ninazo kwenye bahasha mpaka leo. Kodi ya jengo nilikuwa nalipa dirishani, kwa foleni, kabla hata hawajafikiria kuipitisha kwenye mita. Kulipa nalipa. Nauliza hela inakwenda wapi, maana huku kwetu haifiki.

Nyuma ya nyumba yangu kuna mtaro. Ulijengwa kwa zege, na ulipokuwa mpya mtoto wa darasa la tatu akisimama ndani humuoni kichwa. Leo kuku anavuka kwa miguu. Umejaa mchanga, chupa za maji, mifuko, pampasi, magodoro, na juu yake pameota magugu ya kutosha kuficha mbwa. Mara ya mwisho uliletewa watu wa kuzibua ni mwaka juzi. Walikuja vijana sita na makoleo, wakatoa tope, wakalilundika pembeni ya mtaro, wakaondoka. Gari la kuja kuzoa lile tope halikuja. Mvua ya kwanza ikalirudisha lote mule mule. Nilikuwa nimesimama dirishani naliangalia likirudi.

Na mnaokaa mabondeni mnajua mvua ikishika kinachofuata. Watu wanatapisha vyoo. Mtu anangoja maji yapite kwa kasi, anafungua shimo lake, uchafu wote unakwenda kwa jirani wa chini. Wanaofanya hivyo wanakosea na nawaambia usoni, lakini gari la kunyonya ni gharama, njia ni nyembamba haliingii, na maji machafu hayana pa kupita kwa sababu mtaro umekufa. Mjukuu wangu wa miaka minne masika iliyopita aliharisha siku tano. Nilimbeba mgongoni nikiwa nimevuka maji ya magotini, maji ambayo nayajua yametoka wapi. Ndiyo maana sitazungumza kwa upole leo.

Nimekwenda kwenye ofisi. Sitaji ofisi wala jina la mtu, nataka tu mjue mzunguko ulivyo. Ofisi ya kwanza wakasema mtaro uko kando ya barabara, hivyo ni wa watu wa barabara. Watu wa barabara wakasema barabara ni yao ila mtaro ule unapokea maji ya makazi, niende kwa watu wa mazingira. Wa mazingira akanisikiliza, nasema kweli alinisikiliza, kisha akaniambia bajeti ya kuzibua imekwisha na kodi ya jengo ninayokatwa haiji mezani kwake. Hapo ndipo nilipoelewa. Zamani hela ya majengo ilikuwa inakusanywa na halmashauri yenyewe. 2016 ikahamishiwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa. Agosti 2021 ikaingizwa kwenye LUKU, shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na 2023 ikapandishwa kuwa 1,500. Kila inapohamishwa inazidi kuwa mbali na mtaro. Aliye karibu na mimi hana hela, na aliye na hela simfahamu wala yeye hanifahamu.

Jambo jingine ambalo linawaumiza wengi hapa. Nyumba yangu ina mita mbili, moja yangu na moja ya wapangaji wa vyumba vya uani. Jengo ni moja. Zilikatwa zote mbili, miezi mingi, mpaka nikapeleka barua na nakala ya hati, nikarudi mara tatu ndipo ya pili ikaondolewa. Zilizokwisha kukatwa sijaziona tena. Na huko mtaani wapangaji wangapi wanalipa kodi ya nyumba isiyo yao? Utaratibu unasema mpangaji amdai mwenye nyumba. Dada anayeuza vitumbua, anayedaiwa kodi ya chumba miezi sita kwa mkupuo, atamdai mwenye nyumba 1,500? Anafukuzwa kesho yake. Aliyepanga hili hajawahi kupanga uswahilini.

Turudi bondeni, maana kuna watu watakuja hapa waseme tumejitakia, kwa nini tunakaa mabondeni. Nimelisikia hilo tangu kabla baadhi yenu hamjazaliwa.

Desemba 2011 nilikuwepo. Maji yaliingia usiku, watu zaidi ya arobaini walikufa jijini, na nyumbani kwangu yalifika usawa wa swichi ya taa. Tulipopaka rangi upya mke wangu alikataa pale pasipakwe, alama ipo hadi leo sebuleni. Baadhi ya majirani walipelekwa Mabwepande wakapewa viwanja, wengine wakarudi baada ya muda kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo na nauli ya kutoka kule iliwashinda. Desemba 2015 wakaja na rangi nyekundu, alama ya X, na matingatinga. Wakati wa sikukuu. Niliona mama mmoja anatoa sufuria za pilau huku ukuta wa pili unaangushwa. Tukaambiwa hili ni bonde, ni hatari, sheria ya mazingira hairuhusu.

Sawa. Sasa nani alipeleka karakana ya mabasi ya mwendokasi pale Jangwani, katikati ya bonde lile lile? Wakati sisi tunabomolewa, karakana ilikuwa imeshasimama na lami yake na uzio wake. Imejaa maji si mara moja wala mara mbili, na mabasi yakaharibika, mabasi yaliyonunuliwa kwa fedha ya umma. Mwananchi akijenga bondeni anaitwa mvamizi. Mipango ya serikali ikijenga bondeni, hasara tunagawana wote na hakuna aliyewekewa X. Barabara ya Morogoro ikifungwa pale Jangwani, jiji zima linasimama, wafanyakazi wanatembea kwa miguu kutoka Magomeni hadi Fire, na msimu unaofuata ni vivyo hivyo.

Najua kuna mradi wa bonde la Msimbazi. Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 mwaka 2022, na daraja jipya la Jangwani limo humo. Naliunga mkono daraja, tulilihitaji miaka ishirini iliyopita. Lakini hizo ni fedha za mkopo, wanangu na wajukuu ndio watakaozilipa, na daraja halizibui mtaro wa nyuma ya nyumba. Ukichimba mto ukaacha mitaro yote inayoingia mtoni imeziba, maji yatapita wapi? Yatapita sebuleni kwangu. Sihitaji uhandisi kulijua hilo, nina alama ukutani.

Nikija kwa viongozi wa chini, hapa ndipo panaponichoma zaidi. Mimi nimeishi wakati ambapo mwenyekiti wa mtaa ukimpita barabarani anakusimamisha yeye, anauliza mtoto amepona, mtaro umezibuka? Alikuwa anajua tunaweza kumtoa. Mwaka 2019 vyama vikubwa vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa baada ya wagombea wao wengi kuenguliwa, na viongozi wengi wakapita bila kupingwa. Mimi si wa chama chochote na sitaki uzi huu ugeuzwe ugomvi wa vyama. Nasema hivi: kiongozi aliyepita bila kupigiwa kura hana sababu ya kunisikiliza. Kwetu mkutano wa kusoma mapato na matumizi tumeukosa kwa muda mrefu kiasi kwamba vijana wa miaka ishirini hawajui kama ni haki yao. Wanadhani mkutano wa mtaa ni pale mgombea anapogawa fulana. Ukienda kuomba barua ya utambulisho unatoa hela ya muhuri, wala hupewi risiti. Ukienda kuuliza mtaro, mwenyekiti yuko semina.

Na huyo wa taka naye anakusanya ada kila mwezi nyumba kwa nyumba na daftari lake. Gari linaishia barabara kubwa, sisi wa ndani tunaambiwa tubebe wenyewe. Wasioweza kubeba wanatupa mtaroni. Hapo ndipo duara linapokamilika.

Kuna watakaosema kulalamika hakusaidii. Julai 2021 tozo za miamala ya simu zilianza, nchi nzima ikapiga kelele, na Septemba zikapunguzwa kwa asilimia 30. Baadaye zikapunguzwa tena. Kwa hiyo wanasikia, wakitaka. Tatizo mtaro hauwakati wabunge, tozo iliwakata wote.

Ninachotaka ni kidogo sana. Sehemu ya kodi ya jengo inayokatwa kwenye mita za mtaa wetu irudi mtaani kwetu, na kiasi kibandikwe kwenye ubao wa ofisi kila robo mwaka, kwa maandishi yanayosomeka. Mtaro uzibuliwe kabla ya vuli, na tope lipakiwe siku hiyo hiyo. Mtu mmoja, mwenye jina na namba ya simu, aandikwe kuwa ndiye mwenye mtaro, ili nikienda nisizungushwe ofisi tatu nikiwa na miaka 66.

Ninyi mnaokaa Kigogo, Mburahati, Hananasif, Mchikichini, Vingunguti na kwingineko bondeni, andikeni hapa chini mambo mawili tu: mita zenu zinakatwaje, na mkutano wa mwisho wa mapato na matumizi mtaani kwenu ulifanyika mwaka gani. Nitayakusanya yote, niyachape, niyapeleke mwenyewe.