Naombeni ushauri: nimepewa kuandika wasifu wa bibi mfinyanzi, baba mkubwa hataki safari zake zitajwe

Mwanaziwa (mwanzisha uzi)
Wakuu, habari za jioni. Bibi yetu mzaa baba alifariki mwezi wa tatu kule Ikombe, mwambao wa Ziwa Nyasa. Tulizika harakaharaka kwa sababu ya mvua. Sasa Agosti ukoo unakutana kujengea kaburi, na kwa kuwa mimi ndiye "msomi wa mjini", nimetwishwa wasifu wa marehemu.

Baba mkubwa kanitumia rasimu. Mistari tisa. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto saba, akaugua presha, akalala. Chungu hata kimoja hakimo! Mwanamke wa Kikisi, kabila la wafinyanzi, tena wa Ikombe, unamwandikaje bila chungu?

Bibi alikuwa anakaa chini kanyoosha miguu, chungu kinazunguka taratibu juu ya kigae, mkono mmoja ndani mwingine nje. Kokoto la ziwani la kusugulia alilihifadhi mdomoni. Ukileta utundu alikunyooshea kidole tu, maana mdomo umejaa.

Na alitembea huyu mama. Jumamosi ni mnadani Matema, hilo la kawaida. Kiangazi alishuka na mtumbwi hadi Lupingu na Manda, vyungu vimefungwa kwa majani makavu ya migomba, na huko bei ilikuwa ujazo: chungu chako kinajazwa mahindi, unachukua mahindi, unaacha chungu. Baadaye akawa anapanda meli ya MV Songea mpaka Mbamba Bay. Reli ya TAZARA ilipoanza akasema naye ataijua Dar. Akapanda treni Mbeya na vyungu kumi na viwili, vikafika kumi na kimoja. Alirudi na kanga, mkwe mmoja mmoja akapewa doti yake. Baba yangu kasoma sekondari kwa hivyo vyungu.

Nikampigia baba mkubwa. Jibu: "Hayo ya kutangatanga yaache. Watu watasema mama yetu alikuwa mtu wa njiani."

Nifanyeje? Halafu mwaka wa kuzaliwa nao ni mtihani: kadi ya kliniki inasema 1930, kitambulisho 1942. Na ameacha vyungu vinne havijachomwa, vimekaa pale jikoni kwake, hakuna anayethubutu kuvigusa.

Mnyakyusa Halisi
Pole mkuu. Wasifu ni wa ukoo, sio wako. Msomee mzee mistari yake tisa, hayo mengine kaandike Facebook.

Chalii wa Soweto
Hivyo vyungu vinne mnauzaje? Maharage ya chungu ni habari nyingine 😂

MamaWatatu
@Chalii hapa watu wana msiba, kaa na maharage yako.

Mwalimu Mstaafu
Mjukuu, poleni sana. Tuanze na mwaka. Hizo karatasi zote mbili karani alikadiria kwa kumtazama usoni. Wazee wa ziwani wanahesabu kwa matukio. Je, bibi hakuwahi kutaja meli ya Vipya? Ilizama Julai 1946 upande wa Nyasaland, yaani Malawi ya leo, wakafa watu 145. Habari ile ilizunguka ziwa zima.

Mwanaziwa
Mwalimu, umenisisimua. Alikuwa akisema habari ya Vipya ilifika siku anachoma chungu chake cha kwanza, na kikapasuka. Mimi nilidhani Vipya ni jina la mtu!

Mwalimu Mstaafu
Basi huyo alikuwa binti wa miaka minane hadi kumi. Andika "alizaliwa kati ya mwaka 1936 na 1938", na usimulie hicho chungu kilichopasuka ili watu wajue umekadiriaje. Usichague 1942 eti kwa kuwa ina muhuri.

MamaWatatu
Vyungu: usivisogeze peke yako, na maji yasivifikie, udongo mbichi ukilowa unarudi tope. Watafute wanawake waliokuwa wakichoma naye. Agosti ni kiangazi, nyasi na kuni kavu zipo. Wavichome wao asubuhi ya siku hiyohiyo. Kimoja kikipasuka msiseme mkosi, bibi mwenyewe vilimpasukia.

Sasa baba mkubwa. Simwoni kama ana aibu ya watu. Yeye ndiye kifungua mimba?

Mwanaziwa
Ndiye.

MamaWatatu
Sasa jiulize, mama akiwa Manda wiki mbili, wale sita walikuwa wanalishwa na nani? Usimpigie simu. Nenda, kaa naye, umuulize hilo tu. La wasifu usilitaje.

Mnyakyusa Halisi
Hapo Mama kanifunga mdomo. Naunga mkono.

Mwanaziwa
MREJESHO. Nimetoka Ikombe jana. Nilimkuta anashona nyavu, nikamuuliza ni nani alikuwa anawapikia. Akakaa kimya mpaka nikajuta. Kisha akasema, "Mimi. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Ugali wangu ulikuwa na madonge, wadogo zangu wakawa wanalia wakiuona." Jioni alikuwa anakwenda ufukweni kuhesabu mitumbwi inayorudi. Mama yake alikaa mbele daima, kwa hiyo alimtambua kwa kilemba kabla ya sura.

Tumeongea mpaka usiku. Safari zinaingia zote, Manda, Mbamba Bay, na Dar pamoja na kile chungu kilichovunjikia njiani. Sharti lake moja: kuna mwaka mitumbwi ilichelewa siku tatu kwa dhoruba. Hiyo nisiiandike. Atasimama aiseme mwenyewe.