PCOS na kiungulia kwa pamoja: nipunguze uzito kwa njia gani?

BintiKasoroBahari ameuliza:

Habari za jioni, ndugu zangu. Ninaomba ushauri wa wenye uzoefu na wa wataalamu waliomo humu. Nina umri wa miaka 31 na uzito wa kilo 90, na mwaka jana niligundulika kuwa na PCOS, yaani mvurugiko wa homoni unaoathiri ovari, baada ya hedhi kuanza kupotea hata kwa miezi minne, ndevu kuota kidevuni, na kipimo cha ultrasaundi kuonyesha vifuko vingi vidogo kwenye ovari. Daktari aliniandikia metformini, dawa ya kudhibiti sukari, na kusisitiza kwamba nipunguze uzito. Kwa upande mwingine nina kiungulia cha siku nyingi, asidi inapanda hadi kooni hasa usiku, na ninatumia omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni.

Shida yangu ni kwamba kila ninachoshauriwa kwa ajili ya ugonjwa mmoja kinachokoza ule mwingine. Maji ya moto yenye ndimu au siki ya tufaha, ambayo yanasifiwa kila mahali, yananiunguza kifua. Nikikaa na njaa hadi alasiri kama wanavyofanya wanaofunga kwa vipindi, usiku ninakula sana kisha silali. Maharage yananijaza gesi, na nikiyaacha ninabaki na wali na chapati ambavyo naambiwa vinapandisha sukari. Sasa rafiki yangu ameniletea mkanda wa kubana tumbo na chai ya kupunguza mwili. Je, nitibu ugonjwa upi kwanza? Na ni kilo ngapi zinazotakiwa kupungua ndipo nione nafuu?

MfamasiaTanga amejibu:

Pole, dada. Nianze na swali la kilo, kwa kuwa ndilo linalowakatisha wengi tamaa bila sababu. Kwa mwanamke mwenye PCOS na uzito uliozidi, kupunguza asilimia 5 hadi 10 tu mara nyingi huanza kurekebisha hedhi, sukari na homoni, na kwako hiyo ni kilo 4.5 hadi 9, wala si zile kilo 30 za kwenye matangazo. Uzito huohuo ukipungua, hasa wa kiunoni, shinikizo linalosukuma asidi kwenda juu nalo hupungua, hivyo huna haja ya kuchagua ugonjwa wa kutanguliza. Ujue pia kwamba yai linaweza kupevuka kabla hujaona hedhi yoyote, kwa hiyo kama hujapanga kupata mimba, usichukulie kukosa hedhi kuwa ni kinga.

Kuhusu chakula, mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 haukuona mlo maalumu unaouzidi mwingine, ilimradi ni mlo kamili ambao mtu anaweza kudumu nao. Mimi ninaisoma hiyo kama ruhusa: kwa kuwa PCOS haidai mlo mmoja, acha kiungulia ndicho kichague. Ndimu na siki ziache bila majuto. Mkanda hauyeyushi mafuta, unaliminya tumbo tu ili yaliyomo yapande kifuani, na chai nyingi za aina hiyo zina majani ya sena yanayoharisha, kiasi kwamba kinachopungua kwenye mizani ni maji.

Dawa zako zina saa zake. Metformini inywe pamoja na chakula, na ikikuletea kichefuchefu, mweleze daktari, kwa kuwa dozi inaweza kuanzia chini na kupanda taratibu, na ipo pia aina inayoyeyuka polepole. Omeprazoli humezwa nusu saa hadi saa moja kabla ya kula, na wengi wanaolalamika kwamba haiwasaidii ni wale wanaoimeza wakiwa tayari wameshiba. Zote mbili, kila moja kwa njia yake, zikitumika kwa muda mrefu zinaweza kushusha vitamini B12 mwilini, na kwa kuwa wewe unazitumia pamoja, ninakushauri uombe kipimo chake, hasa ukihisi ganzi miguuni au uchovu usioelezeka. Kama unatuliza maumivu ya hedhi kwa diklofenaki au ibuprofeni, mwambie daktari hilo pia, kwa maana dawa hizo huchubua tumbo. Na hedhi ikipotea zaidi ya miezi mitatu, usisubiri uzito upungue ndipo urudi hospitalini, kwa sababu ukuta wa mfuko wa uzazi huendelea kunenepa na kuna dawa za kuurejesha katika hali yake.

MamaKisauni amejibu:

Mdogo wangu, nina maradhi hayohayo mawili, na nitasema ya jikoni tu. Maharage usiyaache, maana hayo ndiyo yanayoshibisha bila kurusha sukari. Yaloweke usiku kucha, umwage maji yale, uyachemshe kwa maji mapya hadi yalainike kabisa, na uanze na vijiko vichache. Yakikushinda, jaribu choroko, ambazo kwa wengi ni nyepesi zaidi tumboni.

Huku kwetu Pwani adui mkubwa ni nazi. Mbaazi, samaki wa kupaka na wali vyote vyaogelea katika tui la kwanza, na mafuta hayo hukaa tumboni muda mrefu na kukifungulia kiungulia mlango. Mimi natumia tui jepesi, tena kidogo, na samaki namchoma. Mahamri ni ya sikukuu. Rojo la nyanya na vitunguu vya kukaanga nimelipunguza sana, na mchicha au matembele nayapika kwa maji yake na mafuta kijiko kimoja. Ugali uwe wa dona, na ujaze robo ya sahani tu, mboga zichukue nusu, robo iliyobaki iwe samaki, kuku asiye na ngozi au maharage.

Lakini usinakili orodha yangu nzima. Chai ya tangawizi mimi hainidhuru, na dada yangu akiinywa analala ameketi. Andika kwenye daftari unachokula na saa kifua kinapowaka, na baada ya wiki chache utajua vichochezi vyako, uache hivyo tu badala ya kujinyima kila kitu.

KochaArusha amejibu:

Kuhusu kule kufunga kwa vipindi ulikotaja, wapo wanaokukataza, lakini mimi ninatofautiana nao kidogo. Kwa maoni yangu kufunga si kubaya, ila saa zimegeuzwa. Badala ya kuruka kifungua kinywa na kulimbikiza chakula usiku, kula asubuhi na mchana vizuri, kisha umalize chakula chepesi cha jioni saa 1 usiku ikiwa unalala saa 4. Tumbo linahitaji takribani saa tatu kabla ya kulala.

Mazoezi yafikie angalau dakika 150 kwa wiki za kutembea kwa kasi au baiskeli, pamoja na siku mbili za kujenga misuli, kwa kuwa misuli inayofanya kazi huchukua sukari kutoka kwenye damu hata pale mwili usipoitikia insulini ipasavyo. Kuruka kamba na mazoezi ya tumbo ya kulala chali yasubiri hadi chakula kishuke. Kutembea polepole baada ya chakula hakuna shida, tena kunasaidia. Kitanda kiinuliwe upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20, kwa matofali chini ya miguu yake, kwa sababu mito mingi hukunja tumbo tu, na ulalie ubavu wa kushoto.

BintiKasoroBahari ameandika tena:

Ninawashukuru sana. Mkanda ninaurudisha kesho. Ningependa kujua jambo moja zaidi: kuna mtu ananiuzia sindano za kupunguza uzito, za semaglutaidi. Zinanifaa?

MfamasiaTanga amejibu:

Usinunue kwa mtu. Ni dawa halisi na hupunguza uzito kweli, lakini hufanya kazi kwa sehemu kwa kuchelewesha chakula kutoka tumboni, ndiyo maana kichefuchefu ni cha kawaida na kiungulia kinaweza kuzidi. Kwa anayetaka mtoto, inatakiwa iachwe angalau miezi miwili kabla ya kutafuta mimba. Hayo yaamuliwe na daktari anayejua magonjwa yako yote mawili. Ukienda kumwona, mwombe pia kipimo cha sukari na cha bakteria wa vidonda vya tumbo, kama hujawahi kupimwa. Na usingoje siku ya kliniki endapo chakula kitaanza kukwama kooni, utatapika damu, au choo kitakuwa cheusi kama lami.