Gobore langu limeitwa MSWAKI mbele ya uwanja mzima!!!

GololiNdogo (mwenye uzi), Jumamosi, saa moja na nusu jioni

Wakuu, nimeingia nyumbani sasa hivi. Viatu sijavua, mikono inanuka baruti, na ninaandika nikitetemeka. Mnamjua. Simtaji wala sina haja ya kumtaja. Ukifika uwanja wa shabaha ukasikia sauti moja inameza sauti zote, za bunduki zikiwemo, basi ni huyo.

Asubuhi nilifika uwanjani na gobore langu jipya, bunduki ya kushindiliwa baruti na risasi kupitia mdomo wa mtutu. Miaka miwili nimedunduliza pesa. Vibali, alama za vidole, njoo kesho, njoo Jumanne, mpaka askari wa lango la ile ofisi akawa ananisalimia kwa jina la mtoto wangu. Mtutu wenye tundu la inchi 0.32, yaani milimita 8 na kidogo, wa kuwashwa kwa fataki, mwembamba, umenyooka kama mstari wa rula. Nikaulaza mezani juu ya taulo safi.

Akaja. "Kijana," akasema. Kijana! Nina miaka 43 na binti yuko chuo kikuu. "Kijana, hiki ni nini?" Sijafungua mdomo, akachomoa mdeki chini ya mtutu, ule ufito wa kushindilia risasi, akautia mdomoni, akaanza kupiga mswaki. Kulia, kushoto, magego ya nyuma. Akasukutua. Akatema! Uwanja mzima ukaangua kicheko, hadi yule kijana wa kubandika shabaha akaangusha ndoo ya gundi. Akanirudishia mdeki umelowa mate, akasema: "Nenda ukanunue ya hamsini kama wanaume wenzako. Hii iweke bafuni."

MDEKI WANGU. MDOMONI MWAKE.

Sasa nauliza, mtu anayepiga mikebe ya maziwa Jumamosi ana haja gani na hiyo hamsini, yaani mtutu wa inchi 0.50? Yangu inakula baruti gramu 1.3, yao gramu 4 na nusu. Ratili moja ya baruti inanipa milio 350, wao 100 hivi. Kilo moja ya madini ya risasi nikiyayeyusha na kuyamimina kwenye kalibu napata gololi 340, zile risasi za mviringo, wao 80 na kitu. Na kwa jinsi baruti nyeusi inavyopatikana hapa Nairobi, mnajua wenyewe. Halafu teke la ile hamsini! Mtu anapiga kumi, anashindwa kuinua kikombe cha chai. Mimi napiga arobaini na bado nina bega.

Lakini hayo hakuuliza. Alipiga mswaki.

---

FundiWaMikebe

Pole sana mkuu. Swali moja tu: alitumia dawa ya meno ama mkavu?

---

Kitako_Kirefu

Weka picha. Ya bunduki, na ya meno yake baada ya hapo.

---

MjukuuWaMachakos

Huyo mtu hajui kitu. Babu yangu Ukambani alikuwa na gobore la gumegume, lile la kuwashwa kwa cheche za jiwe, urefu wake ulipita mlango. Lile halikuwa mswaki, lilikuwa mlingoti. Likilia, mbuzi wa kijiji kizima wanakatika kamba, na babu mwenyewe anaonekana baada ya moshi kuisha, kama yupo. Unaona sasa? Ukubwa ndio huo, na sijawahi kusikia kwamba liligonga kitu.

---

HamsiniKamili

Mimi nilikuwepo na nilicheka, sitadanganya. Lakini tuseme ukweli, bwana Gololi. Gololi ya gramu 2.9 upepo unaichezea kama karatasi. Ya hamsini ina gramu 11 na nusu, inapita. Pili, tundu dogo linajaa masizi upesi. Piga tano bila kupangusa uone kama ya sita itashuka. Tatu, mdeki wa mbao wenye unene wa kalamu ukivunjika mkononi unaingia kiganjani. Mgeni wa gobore aanze na 0.45 au 0.50, tundu kubwa linasamehe.

---

GololiNdogo

@HamsiniKamili ulicheka, na ukanipigia simu mchana kuniuliza habari za watoto! Haya.

Napiga mita 25, na upepo wa mita 25 ni wa kuzima kiberiti. Masizi napangusa kila mlio kwa kitambaa chenye unyevu, nusu dakika kazi imekwisha. Na mdeki wa mbao niliuweka kando, nikachongesha wa shaba kwa fundi wa jua kali. Ndio huo! Ndio huo aliousugulia magego!

Hamjui hii bunduki nimeitunza vipi. Nilienda soko la mitumba la Gikomba kutafuta kitambaa cha kufungia gololi, nikashika foronya kumi na nane, kidole kwa kidole, mpaka nikapata moja ya mistari, pamba tupu, nzito sawasawa. Mafuta ya kondoo ya kulainisha kitambaa nilitoa soko la nyama la Burma, hapahapa Nairobi, nikayachanganya na nta ya nyuki. Unatandika kitambaa kwenye mdomo wa mtutu, gololi inakaa juu yake kama yai kiotani, unaisukuma kwa kidole gumba. Mdeki unashuka polepole na hewa inatokea kule kwenye tundu la fataki, fyuuu, mpaka gololi ikalie baruti kabisa. Fataki unaiweka mwisho. Mlio wenyewe ni mdogo, kama mtu amepasua ubao. Mkebe unaruka!

Hicho ndicho kitu alichokitemea mate. Akasukutua kabisa, jamani. Mashavu yamevimba.

---

Mkebe_Umeruka

Ngoja kwanza. Umesema mikono inanuka baruti na viatu hujavua. Umeandika uzi wote huu KABLA YA KUOSHA MTUTU?

---

HamsiniKamili

Yesu.

---

Mkebe_Umeruka

Masizi ya baruti nyeusi yanavuta unyevu, na hii baridi ya Julai! Asubuhi utakuta kutu kama lango la shule. Maji moto na sabuni, sasa hivi, halafu kausha, halafu mafuta. Mswaki tutauongea baadaye.

---

GololiNdogo

Sufuria iko motoni. Naandika huku yanachemka. Mnanionaje?

---

PampuNyeupe

Afadhali wewe umeitwa mswaki. Mimi nina bunduki ya upepo, nimeipata kwa kibali kama ninyi, maana hapa Kenya hata ya upepo sheria inaihesabu kuwa bunduki. Mtu huyohuyo aliniuliza mbele ya mke wangu kama nimekuja kujaza gurudumu. Akaniletea baiskeli! Kweli, alienda kuikokota baiskeli ya mlinzi kutoka langoni. Mke wangu hajarudi pale tena, na nyumbani jina langu sasa ni Pampu.

---

Kitako_Kirefu

Baiskeli imepita mswaki. Samahani mwenye uzi.

---

GololiNdogo

Haijapita! Baiskeli hakuitia mdomoni!

---

MtuWaMorogoro

Jirani zangu wa Nairobi, mbona mnanunua gobore kwa bei ya shamba? Huku kwetu gobore ni kitu cha mzee wa kijijini, cha kufukuzia nguruwe pori kwenye mahindi.

---

Sheria_Kwanza

Huku Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, ndugu. Sisi nguruwe wetu ni mikebe.

---

MjukuuWaMachakos

Na kwa shabaha ya babu yangu, nguruwe angezeeka salama.

---

Mama_Ramsi

Mimi malalamiko yangu ni maegesho. Nimefika saa tatu, magari manne ya mtu mmoja yamejaa kivulini, ninabeba silaha na mkoba juani kama mpagazi wa msafara. Magari manne, mtu mmoja! Na mnamjua.

---

PampuNyeupe

Ni yeye. Baiskeli aliiegemeza kwenye moja ya hayo magari.

---

FundiWaMikebe

Tukiwa hapo langoni, yule mama wa chapati amepotelea wapi? Leo nimekula mandazi ya jana.

---

Mama_Ramsi

Amehamia karibu na kituo cha petroli, upande wa juu. Chapati sasa shilingi 30.

---

Kitako_Kirefu

Thelathini?! Zilikuwa ishirini Pasaka!

---

GololiNdogo

Nimemaliza kuosha. Maji ya tatu yametoka meupe, mtutu umekauka, mafuta nimepaka. Mdeki nimeuchemsha peke yake kwenye sufuria nyingine, dakika kumi. Jumamosi ijayo nitakuwa pale saa mbili, na atakayeugusa tutaonana. Sasa turudi kwenye mada.

---

HamsiniKamili

Thelathini na zimekuwa nyembamba. Unaona uwanja kupitia chapati.

---

Mama_Ramsi

Zile za mayai bado nzuri. Ila fika kabla ya saa nne.