Picha ya kompyuta ikijiloki, Windows Pro zinagoma

Habari wakuu, niko Mtwara mjini, ofisi ina matawi Masasi na Newala, sasa bosi anataka kompyuta zote zikijiloki zioneshe tangazo la mnada wa korosho badala ya yale mamilima ya Ulaya (hapo namuunga mkono). Nimeseti kwenye Group Policy (setingi zinazotumwa toka seva kwenda mashine zote), picha iko kwenye folda la seva, mashine za Windows 10 Enterprise zimeitika freshi ila za toleo la Pro kimyaa, na nasikia Pro haiisomi kabisa hiyo setingi. Nikisukuma skripti inayokopi picha kwenye C ya kila mashine halafu ibadili rejista (hifadhi ya setingi za Windows) pale PersonalizationCSP, sehemu inayoshika picha ya kujiloki, Pro zitakubali? Mtandao wa Masasi wenyewe wa kusuasua ndo mana sitaki wavute picha seva kila saa. Leseni mpya msiniambie, hela haipo.