Kumbusti mwenzako betri barabarani bila kuunguza gari lako

Kijiti_cha_Gia:
Wakuu, swali kwa wanaojua umeme wa magari. Mtu kakwama, betri haina kitu, wewe unazo nyaya kwenye buti na unataka kumbusti, yaani kumwashia gari kwa umeme wa betri yako. Kila fundi wa mtaani ana utaratibu wake. Mmoja anasema zima gari linalotoa, mwingine anasema liache linaunguruma. Mmoja anabana nyeusi kwenye betri, mwingine kwenye chuma. Kipi sahihi? Na hizi habari za kuunguza kontroli boksi (kompyuta ya gari) zina ukweli? Linalotoa ni Toyota IST, linaloomba ni chochote kinachopita, hata lori la Fuso.

Umeme_wa_Magari:
Fuso liache, mkuu. Fuso na Canter nyingi ni volti 24, betri mbili za 12 zimeunganishwa mfululizo. Ukiingiza 24 kwenye IST ndipo kontroli boksi inapoungua kweli.

Kwa 12 kwa 12: sogeza magari bila kugusana, yote yawe P au nyutro na handibreki juu. Zima taa, redio na AC za mgonjwa, yaani gari lenye betri iliyokufa. Angalia betri yake kwanza: ikiwa imevimba, imepasuka au inavuja asidi, usiiguse, mwambie anunue nyingine.

Lako likiwa limezimwa, nyekundu ibane kwenye chanya ya iliyokufa, kisha chanya ya kwako. Nyeusi ibane kwenye hasi ya kwako, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya mgonjwa, boliti isiyo na rangi, mbali na betri. Ncha ya mwisho ndiyo inayotoa cheche, na betri hutoa haidrojeni. Cheche juu ya betri inaweza kuilipua ikakurushia asidi usoni.

Sasa washa lako, pandisha resi kidogo, karibu mizunguko 1,500 kwa dakika, ngoja dakika 5. Hizo dakika ndizo watu wanazoruka. Betri iliyokufa ikishapata chaji kidogo, stata (mota inayozungusha injini) haitegemei lako peke yake. Mgonjwa apige stata sekunde 5 hadi 10, isizidi, apumzike dakika moja kabla ya kurudia. Likiwaka, awashe feni ya ndani kabla hujatoa nyaya, ili mshtuko wa volti unaotokea nyaya zikitoka upate pa kwenda. Unatoa kinyume: chuma, hasi yako, chanya yako, chanya yake.

Soketi_Namba_10:
Nyongeza: nyaya zenyewe. Zile za bei ya chee ni plastiki nene, shaba ndani kama uzi wa kushonea. Zinapata moto, gari haliwaki, lawama anapewa mwenye betri nzima. Tafuta za milimita za mraba 16 kwa injini ndogo ya petroli, 25 kwa dizeli, urefu wa mita 3 unatosha.

Halafu sikiliza kabla ya kufunga chochote. Tik-tik-tik ya harakaharaka ni betri. "Tak" moja na taa za dashibodi zinawaka vizuri, shuku stata au vichwa vya betri vyenye ule unga mweupe au wa kijani. Mara nyingine kuvizungusha tu kwa mkono na kukaza nati namba 10 kunatosha, nyaya zinarudi buti.

Mama_Aqua_NBO:
Na hybrid, gari la petroli na umeme, je? Prius na Aqua zimejaa Nairobi, na watu hufungua boneti wakatafuta betri wasiione. Kwa nyingi, ile ya volti 12 iko nyuma, lakini ndani ya boksi la fyuzi pale mbele kuna ncha ya chanya yenye kifuniko chekundu, hapo ndipo unabana. Haina stata ya kawaida, kwa hivyo inahitaji umeme kidogo sana hadi dashibodi iandike READY. Kutoa ndiyo shida: usikubali hybrid yako iwashe gari ya mwingine, haikuundwa kubeba mzigo wa stata. Na ukigeuza nyekundu na nyeusi, andaa pesa.

Kijiti_cha_Gia:
Asanteni sana. Likiwaka halafu likazima mara tu nyaya zikitoka?

Umeme_wa_Magari:
Hapo shuku alteneta, inayochaji betri, au fani belti imelegea au kukatika. Testa kwenye betri gari likiunguruma isome volti kati ya 13.8 na 14.5. Ikisoma 12 na inashuka, halichaji, asianze safari ndefu akidhani kapona. Na ule mtindo wa kuchomoa kichwa cha betri gari likiwaka "kupima alteneta" uacheni jamani, huo ndio unaoua kontroli boksi kuliko kubusti kokote.

Likibaki linawaka, aendeshe angalau nusu saa bila kuzima. Kuliacha linaunguruma tu getini hakujazi betri.

Soketi_Namba_10:
Na kabla ya yote hayo, taa za hazadi na pembetatu ya tahadhari. Kwenye barabara kuu iweke hatua 100 nyuma, na kama ni kona, iwe kabla ya kona. Mkitumia matawi na mawe, mkiondoka yaondoeni. Bodaboda wa usiku haoni jiwe.