Mkanda mmoja wa kinu unakatika kila miezi miwili: feki au mtambo una tatizo?

Muulizaji: Wakuu, kinu cha kusaga mahindi, mota kW 11 ya mizunguko 1440 kwa dakika. Puli ya mota mm 300, ya kinu mm 150, shafti hadi shafti mm 700. Mikanda mitatu ya V (ubavu wake umeinama kama herufi V), saizi B. Wa ndani kabisa, upande wa beringi, haumalizi miezi miwili. Naubadilisha huo tu, miwili inaendelea. Nitajuaje kama ni feki?

Jibu 1: Kwa kubadilisha mmoja hutajua kamwe. Mpya ni mfupi kuliko ile iliyokwisha kutanuka, kwa hiyo unabeba mzigo wa wote watatu. Weka mitatu ya kampuni moja kwa mpigo.

Kabla ya kuutupa uliokatika, ukague. Mbavu, yaani pande mbili zinazobana kwenye mfereji wa puli, zinang'aa kama kioo: ulikuwa unateleza. Umelika ubavu mmoja: puli hazijanyooka. Nyuzi zimekatika kwa mkupuo: ulipachikwa kwa bisibisi, au kinu kilimeza nati.

Muulizaji: Mbavu zinang'aa zote mbili. Nimepima kwa takometa (kipima mizunguko), mahindi yakiwa ndani: mota 1440, kinu 2700.

Jibu 2: Puli ya mota ni mara mbili ya ile ya kinu, kwa hiyo kinu kilitakiwa 2880. Umepoteza 180, zaidi ya asilimia 6. Asilimia 1 au 2 ni kawaida. Hiyo yako ni mpira unaungua. Mulika tochi kwenye mfereji wa ndani wa puli ndogo. Mkanda wa V hushika kwa mbavu, haupaswi kugusa chini. Chini kukiwa kumesuguliwa hadi kung'aa, puli imekwisha, hata mkanda halisi utakufa hapo.

Muulizaji: Chini kunang'aa, na mkanda mpya unazama karibu mm 3 chini ya ukingo. Mifereji mingine miwili iko sawa.

Jibu 2: Basi badilisha puli ya kinu. Kuta zikilika kupita mm 0.8 tu, haifai tena.

Jibu 1: Ukifunga puli mpya na mikanda, legeza bolti za mota uisogeze, mikanda iingie kwa mkono. Vuta uzi kwenye nyuso za puli zote mbili, uguse sehemu nne. Kaza hadi mkanda ukibonyezwa katikati ushuke mm 11 hivi. Usikaze kupita hapo, utaua beringi. Baada ya saa 24 za kazi kaza tena, maana mikanda mipya hulegea. Na hiyo sabuni ambayo mafundi hupaka kwenye mikanda kuzima mlio, hapana! Mlio ndio unakwambia inateleza.