Ukoo wa Shangani: nyumba ya Zainabu haishiki joto

Jumamosi

Zainabu: Assalamu alaikum jamani. Shikamoo mama, shikamoo mjomba Bakari. Huku Portland, Maine, Marekani, ni saa moja asubuhi, najua kwenu Mtwara ni saa tisa alasiri. Kaka Hamisi upo? Wiki ya tatu sasa tangu tuhamie nyumba hii, kila siku tunaamka tunatetemeka.

Mjomba Bakari: Waalaikumu salaam. Marahaba mwanangu, poleni sana. Mtoto hajambo?

Zainabu: Hajambo, ila kalala na koti na soksi jozi mbili. Nje ni digrii 10 za kwao.

Mjomba Bakari: Toa 32, zidisha kwa 5, gawa kwa 9. Hiyo ni 12 chini ya sifuri kwa digrii zetu.

Mwanaidi: Ya Rabi! Huku feni inazunguka na jasho linatoka palepale. Pole dada.

Hamisi: Nipo. Nilikuwa juu ya ngazi, naosha kiyoyozi cha gesti moja hapa Chikongola. Hiyo mashine ya joto ni ya gesi, mafuta au umeme?

Zainabu: Umeme mtupu. Wanaiita pampu ya joto. Ya nje inafanana kabisa na kiyoyozi, boksi lenye feni. Ukutani kuna kidude chenye kioo na vitufe, ndicho cha kupangia saa na joto. Aliyekuja kukifunga alimaliza akaondoka, hakunielekeza neno.

Hamisi: Hicho ni themostati. Basi tulia, maana pampu ya joto ni kiyoyozi kilekile, kina vali ya kugeuza njia ya gesi tu. Kiyoyozi kinatoa joto chumbani na kulitupa nje. Hiyo inalitoa nje na kulileta ndani. Hata hivi vya kwetu vingi vina alama ya jua kwenye rimoti, sema Mtwara nani aiguse.

Bi Somoe: Ni Rehema naandika. Bibi anauliza, nje kuna barafu, hilo joto linatoka wapi?

Hamisi: Shikamoo mama. Hebu nenda kashike ubavu wa friji lako la barafu.

Bi Somoe: Bibi ameshika. Anasema ni la moto.

Hamisi: Hilo joto limetoka kwenye maji unayoyagandisha, mama. Friji linalinyonya ndani na kulitema nje. Hewa ya huko kwa Zainabu, hata ikiwa ya kugandisha, bado ina joto la kunyonywa, kwa sababu gesi inayopita kwenye mabomba ya mashine ni baridi kuliko hewa yenyewe. Zainabu, piga picha ya kioo, halafu fungua ratiba upige na hiyo.

Zainabu: [picha]
[picha]

Hamisi: Naona neno EM HEAT. Umeliweka wewe?

Zainabu: Mimi. Usiku mmoja saa nane nilishindwa kuvumilia, nikabonyeza huku na huku mpaka nikalipata. Nyumba ikapata moto haraka. Nimeliacha hapohapo.

Hamisi: Litoe sasa hivi, weka HEAT peke yake. Hilo ni joto la dharura. Ukiliweka, pampu ya nje inasimama kabisa na ndani zinawaka koili za umeme, sawa na hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo. Uniti moja ya umeme inakupa joto la uniti moja basi. Pampu kwa uniti hiyohiyo inakuletea joto la uniti mbili, hata tatu, kwa kuwa haitengenezi joto, inalibeba. Dharura ni siku mashine ya nje imekufa unamsubiri fundi.

Zainabu: Nimetoa. Huku hakuna mita ya LUKU useme utaona uniti zinavyokwenda, bili inakuja mwezi ukiisha. Ya kwanza nilipoifungua ilibidi nikae chini.

Hamisi: Umebonyeza ukaona kimya? Subiri dakika tano, usirudie rudie. Kompresa, ile mashine inayosukuma gesi, huwa inacheleweshwa makusudi isijiumize.

Zainabu: Sawa. Ila kaka, ile ya nje naiogopa. Siku ya pili tu tangu tuhamie, feni yake ilinyamaza, ukapanda moshi mweupe. Nilimbeba mtoto mpaka barabarani, kisha nikarudi nikazima kila kitu.

Hamisi: Ulisikia harufu ya kuungua?

Zainabu: Hapana. Hata kidogo.

Hamisi: Ulikuwa mvuke huo. Mabomba ya nje yakinyonya joto yanakuwa baridi sana, unyevu wa hewa unagandia juu yake, mwishowe mashine haipumui. Ikifika hapo inajigeuza yenyewe, inapeleka moto nje iyeyushe ule utando. Feni ya nje inasimama, mvuke unapanda, na kwenye kioo utaona AUX, yaani koili za ndani zinasaidia wakati huo. Ni dakika chache, kumi hivi kwa wingi. Usiizime katikati. Theluji ikiizunguka ifagie, iachie nafasi pande zote. Barafu usiigonge kwa kisu wala chuma. Nimeona huku watu wanachokonoa friji kwa kisu wanatoboa bomba, gesi yote inatoka.

Mjomba Bakari: Nimeikuza ile picha ya ratiba. Zainabu, kuamka umeweka 11:00 AM, kulala 3:00 PM. Ndivyo ulivyotaka?

Zainabu: Subirini.

Zainabu: Niliipanga usiku niko kwenye simu na mama. Mama akasema weka saa kumi na moja, nyumba iwe na moto kabla mtoto hajatoka kitandani. Nikabonyeza 11. Akasema saa tatu mtalala. Nikabonyeza 3.

Mjomba Bakari: Saa kumi na moja alfajiri kwenye kioo hicho ni 5:00 AM. Saa tatu usiku ni 9:00 PM. Ulichoandika wewe ni saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Watoto niliowafundisha walikuwa wanachanganya hapohapo kila mwaka, na ni kosa la mtu anayefikiri kwa lugha yake.

Mwanaidi: Kwa hiyo inapasha nyumba moto saa tano mpaka saa tisa, na hakuna mtu ndani!

Zainabu: Wallahi ndivyo. Mimi kazini, mtoto shuleni. Tukifika mlangoni ndiyo inaanza kupoa.

Bi Somoe: Bibi anasema nisamehe mwanangu, nilikutajia saa za kwetu. Amenyamaza, amehuzunika.

Zainabu: Mama usiseme hivyo. Ulikaa na mimi kwenye simu usiku ule nilipokuwa peke yangu, wewe huko hujalala. Vidole vilikuwa vyangu.

Hamisi: Mama, hilo tunalirekebisha leo. Lakini Zainabu, hapo kwenye kulala umeweka 55. Kwa nini chini hivyo?

Zainabu: Nilitaka kuokoa umeme. Si ndivyo tulivyolelewa, chumba hakina mtu, zima.

Mjomba Bakari: 55 ni kama 13 zetu.

Hamisi: Kwa taa na feni ni kweli, zima. Kwa pampu ya joto hapana. Hiyo ipike kama maharage, moto mdogo wa muda mrefu. Ukiishusha usiku mpaka 55, asubuhi inatakiwa ipande mpaka 68, yaani digrii 13 za kwao kwa mkupuo. Themostati inaona safari ni ndefu, inaziita koili za AUX, na ulichookoa usiku kucha kinaliwa alfajiri. Shusha digrii 2 au 3 tu. Na hewa itakayotoka usitegemee iwe ya moto kama ya jiko. Itakuwa ya uvuguvugu na itapuliza kwa muda mrefu. Hapo ndipo inafanya kazi vizuri.

Zainabu: Nielekeze kitufe kwa kitufe, niko mbele yake.

Hamisi: Kwanza hakikisha saa ya themostati yenyewe na siku ni sahihi, na AM iko asubuhi.

Zainabu: Iko sahihi. Jumamosi.

Hamisi: Ingia kwenye ratiba, siku za kazi. WAKE weka 5:00 AM, joto 68. LEAVE?

Zainabu: Tunatoka saa moja na nusu.

Hamisi: Basi 7:30 AM, joto 65. RETURN weka 2:30 PM, 68, muikute nyumba tayari. SLEEP 9:00 PM, 66. Ukimaliza bonyeza RUN. Ukiona neno HOLD ujue ratiba imelala, itashika namba moja mpaka uitoe. Ukipandisha kwa mkono bila HOLD, itarudi yenyewe kwenye ratiba kipindi kinachofuata kikifika. Jumamosi na Jumapili zipange peke yake.

Mjomba Bakari: Na kila saa uisome mara mbili kwa sauti, moja ya kwetu moja ya kwao.

Zainabu: [picha] Nimemaliza. Someni na nyie.

Mjomba Bakari: Nimesoma. Zote sawa.

Hamisi: Sawa kabisa. Leo itachukua muda kupanda maana kuta zenyewe zimepoa. Iache.

Jumapili

Zainabu: Assalamu alaikum. Nimeamka saa kumi na moja na nusu, ukutani 68. AUX iliwaka kidogo ikazimika. Halafu ile ya nje ikatoa mvuke, nikamwita mtoto tukatazama dirishani mpaka feni ikazunguka tena. Dakika sita. Sikugusa kitu.

Hamisi: Alhamdulillahi. Sasa tafuta chujio la hewa ndani, lifungue upige picha. Likiwa na vumbi pampu inahangaika bure.

Bi Somoe: Bibi anauliza mjukuu wake kalala na nini.

Zainabu: Mwambie kalala na gauni lake lile la khanga alilomshonea, na blanketi moja. Koti liko msumarini.

Bi Somoe: Bibi anasema basi leo na yeye atalala.

Zainabu: [picha] Kaka, chujio hili hapa. Limekuwa jeusi.

Hamisi: Hilo la karatasi halioshwi. Soma namba za ukubwa pembeni, kesho ununue jipya la kipimo hichohicho. Mshale uelekee hewa inakokwenda.